Mibuni ya jirani na hisa za benki mbili

Jumamosi moja ya Mei 2020, mtoto wa kaka yangu alitoka Arusha akaja dukani kwangu hapa Moshi. Nauza pembejeo karibu na soko la Mbuyuni: mbegu, mbolea, dawa za mifugo. Siku zile za korona wateja walikuwa wa kuhesabu. Kijana akachukua karatasi ya oda iliyokuwa juu ya kaunta, akaigeuza upande mweupe, akaandika namba mbili kubwa kwa wino mwekundu: 88 na 45.

"Shangazi, kazi imeisha," akasema. "CRDB imekua kwa asilimia 88, NMB kwa 45. Hakuna cha kujadili tena."

Kazi yenyewe ilianza Krismasi iliyotangulia. Sisi Wachaga Desemba tunarudi nyumbani kuhesabiwa, na ukoo ukishakutana hapakosi kikao. Tarehe 26, uani kwetu Kibosho, kaka yetu mkubwa alisimama akasema mfuko wa ukoo, ule tunaouchangia kwa ajili ya misiba na ada za watoto, umelala tu na bei za vitu zinaula. Tukakubaliana tutoe Sh 9,500,000 tununue hisa. Wazee wakaweka sharti: iwe benki, na iwe CRDB au NMB, zile mbili ambazo karibu kila mtu pale uani alikuwa na akaunti. Mimi ni mweka hazina, kwa hiyo mzigo wa kuchagua ukaniangukia. Kijana akapewa kunisaidia kwa kuwa amesomea uhasibu.

Namba zake zilikuwa za kweli. Faida ya CRDB baada ya kodi ilitoka takriban Sh bilioni 64 mwaka 2018 ikafika takriban bilioni 120 mwaka 2019. NMB ilitoka kama bilioni 98 ikafika kama bilioni 142. Piga hesabu utapata 88 na 45, hakuna aliyedanganya. Lakini mimi nilikuwa na kovu. Mwaka 2014, serikali ilipoondoa ukomo wa asilimia 60 kwa wageni kumiliki hisa kwenye soko letu, bei nyingi zilichangamka, nami nikanunua hisa za kampuni moja kwa sababu gazeti liliandika faida yake imeongezeka mara tatu. Sikuuliza mara tatu ya nini. Mwaka uliotangulia kampuni ile ilikuwa imepata faida ndogo mno, kwa hiyo mara tatu yake bado ilikuwa ndogo. Nilikuja kuziuza zile hisa kwa chini ya nusu ya nilichotoa, na fedha ile ilikuwa ya kuezekea nyumba.

Basi nilipoiona ile 88 sikushtuka kwa furaha. Nilimkumbuka baba.

Baba alifariki mwaka 2011, lakini daftari lake la kahawa ninalo. Ni daftari la kurasa nyingi lenye jalada gumu, limeliwa na mende pembeni. Kila msimu aliandika debe za kahawa mbivu zilizotoka kihambani kwetu, na jambo la ajabu, aliandika pia za jirani yetu, mzee mwenzake waliyekunywa naye mbege kila Jumapili. Hakuwa anamchunguza kwa ubaya. Alisema mtu hawezi kujua shamba lake linafanya nini mpaka aangalie na la upande wa pili wa mfereji, maana mvua ni ileile, udongo ni uleule, na bei ya mnada ni ileile. Tofauti ikionekana, basi imetoka kwenye mikono.

Mwaka 1990, nikiwa darasa la sita, jirani alikuja nyumbani na furaha kubwa: msimu ule alipata debe 38 na msimu uliotangulia alikuwa amepata sita tu. "Mara sita!" alisema, akimpiga baba begani. Baba alimpongeza kwa moyo. Alipoondoka akaniita, akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mwaka 1987. Jirani alikuwa na debe 62. Halafu akaikata mibuni yake mingi chini, karibu na ardhi, ili ichipue upya. Mwaka 1988 akapata tisa, 1989 akapata sita, na sasa 38. "Unaona?" baba akasema. "Bado hajarudi alipokuwa. Usimpime mtu kuanzia siku aliyoanguka." Kisha akanionyesha jambo la pili. Tulikuwa na mibuni mingi kuliko jirani, kwa hiyo kulinganisha debe kwa debe kulituinua bila haki. Baba aligawanya kwanza: debe ngapi kwa kila mibuni mia. Hapo ndipo aliposoma.

Sijawahi kufundishwa uwekezaji mahali popote pengine kwa ufasaha kama ule.

Nikamwambia kijana aketi, tukatafuta taarifa za miaka ya nyuma. Kama hujawahi kuzisoma taarifa za benki za Tanzania, ni rahisi kuliko unavyodhani. Kila robo mwaka benki hulazimika kuzichapisha, na zote hufuata muundo mmoja, mstari kwa mstari, hivyo unaweza kulaza kurasa mbili kando kwa kando ukashuka nazo pamoja kwa rula. Juu kuna mizania: amana za wateja, mikopo, mtaji wa wanahisa. Katikati kuna mapato na gharama. Chini kabisa, pale ambapo wengi hawafiki, kuna viashiria: faida kwa kila hisa, faida ikilinganishwa na mtaji wa wanahisa, gharama ikilinganishwa na mapato, mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameshindwa kuilipa kwa wakati, ikilinganishwa na mikopo yote, hadi idadi ya matawi na ya wafanyakazi. Mimi siku hizi naanzia chini.

Tukaandika miaka sita ya faida, kwa mabilioni, tukikata vipande vidogo. CRDB kuanzia 2014: 95, 129, 74, 36, 64, 120. NMB: 156, 150, 154, 93, 98, 142. Kijana alizitazama muda mrefu bila kusema neno. Ile 88 aliyoiandika kwa wino mwekundu ilikuwa safari ya kutoka 64 kwenda 120, lakini benki ileile ilikuwa imeshafika 129 mwaka 2015. Ilikuwa inapanda ngazi ambayo ilishuka. Na NMB nayo, pamoja na ile 45 yake, ilikuwa bado chini ya 156 ya mwaka 2014.

Sababu za kushuka hazikuwa siri. Mwaka 2016 serikali iliagiza fedha za taasisi za umma zihamishwe kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu, na amana za bei nafuu zikaondoka. Biashara mitaani zikabana, wakopaji wakashindwa kulipa; kufikia 2017 mikopo chechefu katika sekta nzima ilikuwa imevuka asilimia 10, na Benki Kuu ikataka benki ziishushe hadi asilimia 5. Mwaka 2018 ukaja na utaratibu mpya wa kimataifa wa hesabu unaoitaka benki itenge fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa, isisubiri mpaka mkopaji akwame. Benki zote mbili zilipita katika moto huo. Tofauti ilikuwa nani aliungua zaidi: faida ya CRDB ilianguka kutoka 129 hadi 36, karibu robo tatu yote ikaenda; ya NMB kutoka 156 hadi 93, asilimia 40.

Kisha tukagawanya kwa hisa, kama baba alivyogawanya kwa mibuni. Hapa NMB ni rahisi sana: ina hisa milioni 500, na idadi hiyo haikubadilika katika miaka yote tuliyoiangalia. CRDB ilikuwa na hisa kama bilioni 2.18 mpaka mwaka 2015, ilipowauzia wanahisa wake hisa mpya, moja kwa kila tano walizokuwa nazo, kwa Sh 350. Zikafika kama bilioni 2.61. Maana yake ni kwamba mkate uliongezwa walaji. Ukitazama faida yote, CRDB ilikua kutoka 95 mwaka 2014 hadi 120 mwaka 2019, zaidi ya robo. Ukitazama hisa moja, ilitoka karibu Sh 44 ikafika karibu Sh 46. Miaka mitano, shilingi mbili. Mwanahisa aliyeketi na hisa zake zilezile bila kuongeza chochote hakuona ile robo.

NMB kwa hisa moja ilitoka Sh 312 ikarudi 284.

Sasa tazama kilichotokea pale kaunta. Ukianza kuhesabu mwaka 2018, CRDB inashinda mbali. Ukianza 2014 kwa hisa moja, CRDB inashinda kidogo, na NMB imerudi nyuma. Ukianza 2015, zote mbili zimerudi nyuma. Hesabu ni zilezile, na mshindi anabadilika kwa kuhamisha kidole tu. Nilimwambia kijana kwamba mtu akikuletea asilimia ya ukuaji, kabla hujaifurahia mwombe akuonyeshe mwaka aliouchagua kuanzia, na umuulize kwa nini si mwaka wa kabla ya huo. Tangu siku ile sijaacha kuuliza hivyo.

Tulichofanya ni kuchukua wastani wa miaka yote sita, mizuri na mibaya. CRDB ilipata kama bilioni 86 kwa mwaka, NMB kama bilioni 132. Ukigawanya kwa hisa zilizokuwepo, ni takriban Sh 33 kwa hisa ya CRDB na Sh 264 kwa hisa ya NMB. Wastani haung'ai. Hauwezi kuwa kichwa cha habari. Lakini ni wastani ndio unaojua kwamba mvua hainyeshi kila mwaka.

Kuna kitu kingine nilimwonyesha kijana, na hiki nakijua kwa kidonda cha dukani. Alikuwa amevutiwa na ukuaji wa mikopo. Aliona benki inayokopesha zaidi ndiyo inayokua zaidi. Msimu wa masika wa 2016 mimi niliamua kutoa mbolea kwa mali kauli kwa wakulima wa tambarare, walipe wakivuna mahindi. Mauzo yangu yalipanda vizuri mno. Daftari la mauzo lilinipa usingizi mtamu miezi minne. Halafu mvua ikakatika mapema, na kufikia Septemba nilikuwa nazunguka na pikipiki ya kukodi kijiji hadi kijiji nikidai, nikipewa kuku na ahadi. Mauzo yalikua kweli, fedha haikukua. Benki inapokopesha ni mimi na mali kauli yangu, kwa ukubwa mwingine. Ndiyo maana siwezi kuangalia ukuaji wa mikopo bila kushuka kwenye mstari wa mikopo chechefu, kisha kwenye kiasi kilichotengwa kufidia hasara. Mikopo ikipanda haraka na chechefu ikishuka, uliza kama imeshuka kwa sababu watu wamelipa au kwa sababu mikopo mipya imeifanya ile mibovu ionekane midogo. Mkopo wa mwezi uliopita haujapata muda wa kuharibika.

Mwisho wa mazungumzo yale nilikuwa nimeamua. NMB ilitikisika kidogo kuliko mwenzake, wastani wake ulikuwa mkubwa, hisa zake hazikuongezwa. Ile 88 niliiita kurudi, nikakataa kuiita kukua. Kijana alikubali, ingawa aliuliza swali moja kabla hajarudi Arusha. "Shangazi, na bei je?" Nikamjibu kwamba kitu kizuri hakikosi bei. Lilikuwa jibu baya, na yeye kwa adabu aliyolelewa nayo hakunibishia.

Agosti 2020 tukanunua hisa 4,000 za NMB kwa Sh 2,340 kila moja. Sh 9,360,000, na ada ya dalali juu.

Sitasema tulipoteza. Tulipata, tena vizuri. NMB ililipa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, la Sh 137 kwa hisa kutokana na faida ya 2020, kisha 193, kisha 286, kisha 361. Kila mwaka mwezi Juni nilisoma kiasi kwenye kikao kidogo cha wazee na kila mwaka waliuliza kama sijakosea kusoma. Kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5, gawio la miaka minne lilifika Sh 977 kwa hisa. Mwisho wa 2024 bei sokoni ilikuwa imevuka Sh 5,000. Ada za watoto watatu zimelipwa na zile hisa, na mmoja wao yupo chuoni sasa hivi ninapoandika.

Ila mimi ni mweka hazina, na mweka hazina hahesabu alichopata peke yake, huhesabu pia alichokiacha.

Mwaka 2022 nilinunua hisa chache za CRDB kwa fedha yangu mwenyewe, hasa ili niwe na haki ya kuingia kwenye mkutano mkuu. CRDB hufanyia mikutano yake ya wanahisa Arusha, kwenye ukumbi wa AICC, na kwa mtu wa Moshi hiyo ni safari ya asubuhi: unapanda Coaster, unapita Boma Ng'ombe, unapita njia ya KIA, Usa River, umefika. Mei 2023 nikaenda. Ukumbi ulijaa watu wa kila aina, mabwana wenye tai na akina mama wenye khanga za harusi zao, kila mtu ameshika makabrasha. Nilikaa jirani na mzee mmoja wa Arumeru, nikamwamkia, akaitika, tukaanza kuzungumza.

Alikuwa na bahasha ya plastiki ya kuhifadhia vyeti. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya mwaka 2009, wakati benki ilipouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza kwa Sh 150 kila moja. Alinunua hisa 1,000, Sh 150,000, fedha ya ng'ombe mmoja. Siku ile mkutano ulikuwa unaidhinisha gawio la Sh 45 kwa hisa. Mzee alikuwa na kalamu ya risasi fupi, akaandika pembeni ya ajenda: 45,000. Halafu akatoa kodi: 42,750. Akanionyesha bila kujivuna, kama mtu anavyoonyesha picha ya mjukuu.

"Mimi, mama, zile asilimia wanazosoma kule mbele sizifuati," akaniambia. "Mimi naangalia nilinunua kwa ngapi."

Nilikaa na sentensi ile njia nzima ya kurudi.

Nilipofika nyumbani nikatoa karatasi za mwaka 2020, nikafanya hesabu ambayo kijana aliniuliza nami nikaipita. Wakati tulipokuwa tunachagua, hisa ya CRDB haikufika Sh 200. Wastani wetu wenyewe wa miaka sita, ule tulioutengeneza kwa uangalifu, ulisema hisa ile inatengeneza Sh 33 kwa mwaka. Kwa hiyo ilikuwa inauzwa kwa takriban mara sita ya wastani wa faida yake, tena wastani uliobeba ndani yake miaka yote mibaya. NMB kwa 2,340 ilikuwa karibu mara tisa. Na ukichukua mtaji wote wa wanahisa wa CRDB ukaugawanya kwa hisa, ulikuwa unapata thamani inayoizidi kwa mbali bei ya sokoni. Soko lilikuwa linauza benki ile kwa chini ya kile kilichoandikwa kwenye vitabu vyake, kana kwamba mwaka 2017 hautaisha.

Mimi nilipima ukuaji wa hizi mbili kwa usahihi, na kipimo chenyewe nilikuwa nacho, lakini sikukiweka mizanini pamoja na bei. Nilijibu swali la benki ipi ni imara zaidi. Fedha za ukoo zilihitaji jibu la swali lingine: kwa kila shilingi tunayotoa, ni ipi inaturudishia zaidi, na tukikosea tunaumia kiasi gani? Ukinunua kwa mara sita ya wastani wa miaka mibaya na mizuri, tayari umelipiwa fidia ya kutikisika. Ule wasiwasi wangu wote kuhusu CRDB ulikuwa umeshaingia ndani ya bei. Mimi nikauhesabu mara ya pili.

Na tazama ukuaji uliofuata. Mwaka 2024 CRDB ilipata faida ya takriban bilioni 551, NMB takriban bilioni 640. Kutoka 2019, zote mbili zimekua karibu mara nne na nusu. Karibu sawasawa! Baada ya kubishana kwetu kote kuhusu nani anakua, walikua pamoja. Kilichotofautisha waliozinunua ni bei ya siku ya kununua. Zile Sh 9,360,000 zingenunua hisa 46,800 za CRDB hata kama tungelipa Sh 200 kamili. Gawio lake kwa miaka ileile minne lilikuwa 22, 36, 45 na 50, jumla Sh 153 kwa hisa, yaani zaidi ya Sh milioni 7 kabla ya kodi, wakati sisi tulipata kama milioni 3.9. Na mwisho wa 2024 bei ya CRDB ilikuwa imevuka Sh 600: ilipanda zaidi ya mara tatu, yetu zaidi ya mara mbili.

Nililisema jambo hili kwenye kikao cha Desemba 2024, mbele ya wote, na namba zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi kubwa ya manila. Kaka mkubwa akasema hakuna aliyeumia. Shangazi yetu mzee akasema Mungu alitupa cha kutosha. Nikawashukuru, lakini nikaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba kuanzia sasa, mtu yeyote atakayeleta pendekezo la kununua hisa alete mambo haya kwenye ukurasa mmoja: miaka isiyopungua sita, hesabu kwa hisa moja, mikopo chechefu kama ni benki, na bei ikigawanywa kwa wastani wa faida. Kijana ndiye aliyekuwa katibu wa kikao. Aliandika bila kuinua uso, lakini nilimwona anatabasamu.

Usiku ule nilipolala nyumbani kwa wazazi nilifungua tena sanduku la bati nikatoa daftari la baba. Nilitaka kuuona ule mwaka 1990, jirani na debe zake 38, kidole cha baba kwenye 1987. Miaka yote nimekuwa nikiisimulia hadithi ile nikiishia hapo hapo, na nilipoikataa CRDB ilikuwa ni sauti ya baba masikioni: bado hajarudi alipokuwa.

Nikageuza ukurasa, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. 1991, jirani debe 70. 1992, debe 95. Sisi, kwa mibuni yetu mingi ya zamani ambayo haikuguswa na panga, 1991 tulipata 64 na 1992 tukapata 58. Jirani alikuwa ameikata mibuni iliyochoka, akakubali kula njaa misimu miwili, na machipukizi yake yalikuwa sasa na nguvu zote. Benki inayofuta mikopo mibovu na kukubali mwaka wa faida ndogo inafanya kazi ileile.

Pembeni ya ile 95, kwa mwandiko wa baba ulioinama kushoto, kulikuwa na maneno manne aliyoyapigia mstari mara mbili: "Na sisi tukate. Januari."